Sentensi ya Kiingereza Imegoma: Anza na Dalili

Daftari limerudi, sentensi nzima imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu hakuandika kitu. Ukitazama neno mojamoja, yote mazima. Tahajia imenyooka. Ukiiandika kwenye simu, hakuna mstari mwekundu unaotokea. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha maneno: wanatoa neno dogo wanaweka kubwa, "good" inakuwa "excellent", na sentensi inabaki imegoma palepale, sasa ikiwa imevaa suti.

Hitilafu za namna hii haziko kwenye msamiati, ziko kwenye viungo vya sentensi: kiima, kitenzi, shamirisho, kishazi. Majina hayo unayafahamu kwenye somo la Kiswahili, na sitayabadilisha hapa. Nimezipanga dalili kadiri zinavyojitokeza kwenye daftari za wanafunzi wa tuisheni na kwenye barua za kuomba kazi, ambazo hapa Dodoma hazikauki tangu wizara zihamie. Tafuta yako, ruka nyingine.

Kipimo cha kufanya kwanza, hata kabla ya kujua dalili

Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi chenye wakati. "Works" kina wakati. "Was" kina wakati. "Has gone" na "will go" vihesabu kila kimoja kuwa kitenzi kimoja, kwa sababu kisaidizi na kitenzi kikuu vinafanya kazi pamoja. "Working" peke yake hakina wakati, na "to work" hakina.

Kisha ulizia kila kitenzi ulichopigia mstari: mwenye nacho ni nani? Mwenye nacho ndiye kiima, na katika Kiingereza lazima aonekane kwa macho, isipokuwa kwenye amri.

Mwisho hesabu viunganishi. Vitenzi viwili vyenye wakati vinataka kiunganishi kimoja. Vitatu vinataka viwili. Neno kama "which" au "who" linahesabika kama kiunganishi, na "that" wakati mwingine humezwa, kama katika "I know he left". Nje ya hapo hesabu hii haidanganyi mara nyingi, nami naiamini kuliko kanuni ishirini za kukariri.

Kwa nini kipimo kinaanzia kwenye kitenzi? Kwa sababu ndiko tunakotofautiana nao zaidi. Kitenzi cha Kiswahili ni bodaboda iliyopakia mshikaki. "Nimekinunua": ni- ndiye mtendaji, -me- ni wakati, -ki- ni kitu kilichonunuliwa, na mzizi nyuma yao. Neno moja, na ni sentensi kamili isiyodaiwa chochote. Kigogo hupakia hivyohivyo, Kirangi hivyohivyo, kwa hiyo mtoto wa Mpwapwa au Kondoa amekua hivyo kabla hata ya kukutana na Kiswahili cha shuleni. Kiingereza kinataka kila mmoja ashuke na atembee kwa miguu yake: "I have bought it". Maneno manne, na ukiangusha moja mwalimu anashika kalamu nyekundu. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na mtu aliyeshushwa akasahaulika, au aliyeshushwa akahesabiwa mara mbili.

Dalili: sentensi inaanza na "is", "am" au "have", na haiulizi swali

"Is very hot in Dodoma in October."
"Am a Form Four leaver."
"In our village have many cows."

Kiima hakipo. Katika mfano wa kwanza mwandishi alikuwa akiwaza "ni joto sana", na "ni" yetu haidai mwenyewe. Kiingereza kinadai, hata pale ambapo hakuna mtu wala kitu kinachofanya jambo. Hali ya hewa, saa na umbali hupewa kiima cha bandia, "it": "It is very hot", "It is eight o'clock", "It is far from Bahi". Usitafute "it" hiyo inamaanisha nini. Haimaanishi kitu; inakalia kiti tu kisibaki wazi.

"Am" ina hadithi yake. Mtu anasikia "I'm" ikitamkwa haraka, sikio linabaki na "am", na kwenye ujumbe wa simu tunaandikiana "am coming" bila mtu kulalamika. Baadaye inaingia kwenye barua rasmi, na kikagua tahajia cha kompyuta hakiikamati kwa sababu "am" ni neno halali. Nimeona barua zenye aya tano zikianza "Am" mara tano. Dawa ni kuandika "I am" kwa kirefu kila mahali, na kuachana na kifupisho hadi ulimi uzoee.

Mfano wa tatu umetokana na "kijijini kwetu kuna ng'ombe wengi". Mtu amejua kwamba "-na" ni "have", akaiweka. Lakini kijiji hakimiliki hapa. Tunasema tu kwamba kitu kipo. Kazi hiyo ni ya "there": "There are many cows in our village". Na angalia "are". "Kuna" yetu haibadiliki iwe ng'ombe mmoja au kundi zima, ndiyo maana watu huandika "There is many cows" wakadhani wamemaliza. Baada ya "there", kitenzi humtazama anayefuata.

Dalili: mtu mmoja ametajwa mara mbili

"My father he works at Mtumba."
"The bus which I came in it has broken down."

Hii ni kinyume cha ile ya kwanza. Kwenye "baba anafanya kazi", ile a- ya "anafanya" ni sehemu ya kitenzi, haitafsiriwi. Mwanafunzi makini, anayetafsiri silabi kwa silabi bila kuacha kitu, ndiye huiandika "he". Kwa hiyo kosa hili huwapata wenye bidii zaidi kuliko wavivu, na mwalimu anayemwambia mtoto "huna umakini" amekosea ugonjwa. Kata "he". "My father works at Mtumba."

Sentensi ya basi ina chanzo kilekile, ila mlango ni mwingine. "Basi ambalo nilikuja nalo": -lo- imerudi mara mbili, na Kiswahili kinataka irudi. Kiingereza kikishasema "which", kitu kimeshatajwa. "It" ya mwisho haina nafasi. "The bus which I came in has broken down." Inaonekana kama sentensi iliyokatwa mkia, na wanafunzi huiogopa kwa sababu hiyo. Iache hivyo, iko sawa.

Dalili: maneno yapo, maana ipo, lakini mwalimu ameandika kwamba si sentensi

"The grapes from Hombolo very sweet."
"Farmers harvesting grapes twice a year."

Fanya kipimo cha jana. Ongeza neno "yesterday" au "last year" kwenye sentensi, halafu tafuta neno gani limelazimika kubadilika. Kwenye "Farmers harvest grapes", ukiongeza "last year", "harvest" inageuka "harvested". Basi hicho ndicho kitenzi chenye wakati. Kwenye mifano miwili ya juu, weka "last year" uone: hakuna kinachotikisika. Hakuna kitenzi. Vitenzi vichache kama "put" na "cut" havibadiliki umbo hata vikipelekwa jana; hivyo vipime kwa "every day" na "he", uone kama vinachukua "s".

Mfano wa kwanza unatokana na mazungumzo yetu, ambapo "zabibu za Hombolo tamu sana" husemwa bila "ni" na kila mtu sokoni anaelewa. Kiingereza hakikubali kivumishi kikae karibu na nomino kikajifanya kiarifu. Kinataka kitenzi kishirikishi katikati: "are very sweet".

Wa pili ni tatizo la "-ing". Tulifundishwa kwamba -na- ni "-ing", tukaishia hapo. "Harvesting" ni nusu tu ya kitenzi. Inahitaji "are" au "were" mbele yake ili ipate wakati. Na hata ukiiweka, jiulize kama unataka kusema wanavuna sasa hivi au ndiyo desturi yao. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hiyo ni desturi, kwa hiyo "Farmers harvest grapes twice a year" inatosha, bila "-ing" kabisa.

Tahadhari, kwa sababu dawa hii ikizidi inaleta ugonjwa mwingine. Mwanafunzi akishaambiwa mara tatu "umesahau be", huanza kuimwaga kila mahali: "I am live in Kikuyu", "She is comes every day". Hapo vitenzi vyenye wakati vimekuwa viwili na hakuna kiunganishi. Rudi kwenye hesabu ya kwanza. Kama kitenzi kikuu kina wakati tayari, "am" na "is" hazina kazi hapo.

Dalili: sentensi inaishia hewani

"Because the train was late."

Ina kiima. Ina kitenzi chenye wakati. Lakini "because" imeigeuza kuwa kishazi tegemezi, na kishazi tegemezi kinadai kishazi huru cha kuegemea. Nini kilitokea kwa sababu treni ilichelewa? Katika mazungumzo jibu la "kwa nini?" linaweza kuwa hilo tu, na Waingereza wenyewe hujibizana hivyo. Kwenye insha haikubaliki. Mara nyingi kishazi huru chenyewe kipo, kimetenganishwa tu na nukta: "I missed the interview. Because the train was late." Ondoa nukta, shusha herufi kubwa, umemaliza. Hakuna haja ya mkato kabla ya "because" hapo. Ukianza na "because", mkato uwekwe katikati: "Because the train was late, I missed the interview." Maneno mengine yanayofanya kazi hiyohiyo ni "although", "if", "when", "while", "unless", "since", "so that". Kila moja likianza sentensi, tafuta nusu ya pili kabla hujaweka nukta.

Kuna namna nyingine ya kuishia hewani, ya kimyakimya zaidi. Mtu anaulizwa, "Did you buy the sugar?" Anajibu, "Yes, I bought." Kiswahili "ndiyo, nimenunua" kinatosha kabisa. Lakini "buy" ni kitenzi elekezi, na shamirisho lake haliachwi wazi: "Yes, I bought it", au fupi zaidi, "Yes, I did". "I enjoyed" nayo ina kasoro hiyohiyo, umefurahia nini? "I enjoyed the trip", au "I enjoyed myself". "Put" ni mkali kupita wote: hautosheki na shamirisho, unataka na mahali. "She put the bag" haijakamilika mpaka useme "on the table". Upande wa pili kuna vitenzi visivyotaka shamirisho hata kidogo, kama "arrive" na "sleep". Huwezi kuandika "I arrived Dodoma". Andika "I arrived in Dodoma". Lakini "I reached Dodoma", bila "in". Haya hayana kanuni inayoweza kukuokoa. Unayajifunza pamoja na kitenzi chenyewe, siku uliyokutana nacho.

Dalili: sentensi ndefu, mwalimu ameweka alama kwenye mkato

"I reached the station, the train had left."

Vitenzi viwili vyenye wakati, kiunganishi sifuri. Kwetu mkato unaweza kubeba mzigo huo: "nilifika stesheni, treni imeshaondoka" ni Kiswahili safi na kina ladha yake. Katika Kiingereza cha shule na ofisi, mkato peke yake hauna nguvu ya kuunganisha vishazi huru viwili. Una njia nne, na aina ya sentensi unayopata hutegemea njia uliyochagua. Nukta katikati inakupa sentensi sahili mbili. "But" baada ya mkato inakupa sentensi ambatano. "When I reached the station, the train had left" ni changamano, kwa sababu nusu moja sasa inaitegemea nyingine. Nuktamkato nayo inafaa, ingawa kwa mtihani ningekushauri uiache mpaka uwe na uhakika nayo.

Ipi bora? Kwa mfano huu mimi nachagua ya "when", maana msomaji anaona tukio moja ndani ya jingine. Wanafunzi wengi huamini sentensi changamano ina alama nyingi kuliko sahili, wakaandika aya nzima bila nukta. Sentensi sahili iliyosimama inaishinda changamano iliyoanguka.

Upande wa pili wa shilingi ni kuzidisha viunganishi: "Although the rains were poor, but farmers in Kongwa harvested sorghum." Hesabu: vitenzi viwili, viunganishi viwili. Kimoja kimezidi. Kiswahili kinaruhusu "ingawa… lakini", tena kwa wengi ndiyo husikika imekamilika, kwa hiyo sikio lako halitakuonya. Chagua moja, "although" au "but", utupe nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa "because… so".

Dalili: swali lina alama ya kuuliza, lakini halisikiki kama swali

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoangukia hata wakiwa chuoni.

"Why you are late?"
"Where you live?"
"Did you went to Kibaigwa?"

Swali la Kiswahili linaweza kuundwa kwa sauti tu. "Umekula" na "umekula?" hutofautiana kwa mpando wa sauti, na ukitaka kuweka "je" unaweka. Mpangilio wa maneno haubadiliki. Kiingereza huhamisha kitu: kitenzi kisaidizi hutoka nyuma ya kiima kikaenda mbele yake.

Fanya hivi. Andika kwanza sentensi taarifa, hata kwenye karatasi ya pembeni: "You are late". Tafuta kisaidizi au umbo lolote la "be". Lipo, "are". Livushe mbele ya "you": "are you late". Tanguliza neno la kuulizia: "Why are you late?"

"You live in Chang'ombe." Kisaidizi hakipo. Kiingereza hakikubali kitenzi cha kawaida kama "live" kivuke chenyewe, kwa hiyo huita kisaidizi cha kukodi, "do". "Where do you live?" Kisaidizi hiki kikishaingia huchukua wakati wote na "s" yote. Kinachobaki kwenye kitenzi kikuu ni umbo tupu. Kwa hiyo "Did you go", si "Did you went". "Does she go", si "Does she goes". Wakati hubebwa mara moja tu. Ukanushi unafuata njia ileile: "She does not go", "I did not see".

Haikuwa hivi siku zote. Enzi za Shakespeare, miaka zaidi ya 400 iliyopita, mtu aliweza kuuliza kwa kuvusha kitenzi chenyewe, "Know you the man?", na hakuna aliyemcheka. Mwanafunzi anayeandika hivyo leo amechelewa tu kuzaliwa.

Wenye Kirangi wana mfano wa nyumbani. Katika wakati ujao, Kirangi hutanguliza kitenzi kikuu na kisaidizi kikafuata, jambo lisilo la kawaida kwa lugha za Kibantu. Lakini swali likiwa na neno la kuulizia, kisaidizi huhamia mbele ya kitenzi. Mtu wa Kondoa, basi, asishangae lugha kugeuza mpangilio kwa sababu ya swali. Anafanya hivyo kila siku akiongea na bibi yake.

Kuna pahala pa kutulia: neno la kuulizia likiwa ndilo kiima, hakuna kinachohama. "Who lives in that house?" Usiseme "Who does live".

Sasa mtego mkubwa zaidi. Mwanafunzi akishajua kuvusha, huvusha hata pasipotakiwa: "I don't know where is the registry." "Please tell me when will the interview start." Haya si maswali. La kwanza ni taarifa kuhusu kutojua kwako, la pili ni ombi. Swali limefichwa ndani kama kishazi tegemezi, na ndani ya kishazi tegemezi mpangilio hurudi kuwa wa taarifa. "I don't know where the registry is." "Please tell me when the interview will start." Kwenye usaili kosa hili husikika sana, kwa sababu mtu anajitahidi kuwa na adabu, na Kiingereza cha adabu kimejaa maswali yaliyofichwa ya namna hiyo. Kipimo ni rahisi: kama sentensi inaishia kwa nukta, kiima kitangulie.

Na "isn't it?" ya mwisho wa sentensi. "You live in Chamwino, isn't it?" Sisi tuna "sivyo?", moja kwa wote. Kiingereza cha mtihani hukuta kisaidizi cha sentensi na kukigeuza: "You live in Chamwino, don't you?" "She can drive, can't she?" Mitaani utasikia "isn't it" kwa kila kitu, na wanaelewana. Kwenye karatasi ya mtihani, usijaribu.

Dalili: kiima cha umoja, kitenzi cha wingi

"The list of candidates are on the board."

Kitenzi kimemwona jirani, "candidates", kikamsahau mwenye nyumba. Kwa mara moja Kiswahili kinakusaidia badala ya kukuponza. Sema kwa Kiswahili: "Orodha ya wasailiwa imebandikwa." Hakuna anayesema "wamebandikwa". Ngeli ya "orodha" imeshika usukani, wasailiwa wawe watatu au elfu tatu. Fanya hivyo kwa Kiingereza: "The list … is". Kila ukiwa na shaka, tafsiri kiima kwa Kiswahili, sikiliza ngeli inaelekea wapi, urudi. "The price of onions and tomatoes has gone up", kwa sababu "bei imepanda". "Everyone has arrived", kwa sababu "kila mtu amefika".

Njia hii ina pengo. "Habari zimefika" ni wingi kwetu, ilhali "news" ni umoja licha ya "s" yake: "The news has arrived". "Information" nayo haina wingi.

Amri na mshangao, kwa ufupi

Amri haina kiima kinachoonekana, na kitenzi chake ni umbo tupu: "Sit down", "Wait here". Ukiongeza "you" mbele, unasikika kama unamnyooshea mtu kidole. Zaidi ya hapo amri haina matatizo, isipokuwa inapoingia mahali isipotakiwa. Barua nyingi za kazi huanza "Refer to the heading above". Hiyo ni amri, tena kwa mtu unayemwomba ajira. Nyingine huanza "The heading above is concerned", tafsiri ya moja kwa moja ya "kichwa cha habari hapo juu chahusika". Sentensi imekamilika, kiima kipo, kitenzi kipo. Ila msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba kichwa cha habari kina wasiwasi. Futa yote mawili. Sema unachotaka.

Mshangao una kosa moja tu linalojirudia: "How big is that baobab!" Umevusha kitenzi, kwa hiyo umeuliza ukubwa wa mbuyu. Ukishangaa, usivushe: "How big that baobab is!" Au, na hii ni nyepesi zaidi, "What a big baobab!"

Barua moja, dalili nyingi

Hii nimeitunga kwa kuchanganya makosa ya barua nyingi:

"The heading above is concerned. Am a Tanzanian aged 27, I live in Nkuhungu. I driving for four years. Because I have a valid licence and my former boss he trusted me. I would like to know when will the interview start."

Pita na kalamu. Sentensi ya kwanza inafutwa. Ya pili haina kiima mwanzoni, na mkato umebebeshwa kazi ya kiunganishi. Ya tatu ina "-ing" isiyo na kisaidizi. Ya nne ina "because" isiyoegemea popote, na bosi ametajwa mara mbili. Ya tano imevusha kisaidizi ndani ya kishazi tegemezi. Baada ya matengenezo:

"I am writing to apply for the post of driver. I am a Tanzanian aged 27, and I live in Nkuhungu. I have been driving for four years. I have a valid licence, and my former employer trusted me with long journeys. I would like to know when the interview will start."

"Because" nimeitoa badala ya kuitafutia mwenza, kwa kuwa leseni si sababu ya kitu chochote kilichotajwa. Ni sifa tu, na sifa inasimama peke yake. "Trusted me" nimeiongezea "with long journeys", kwa kuwa mwajiri atauliza aliaminiwa kwa lipi. Sentensi ya tatu ndiyo ya kuangalia kabla hujainakili: "have been driving" inamwambia msomaji kwamba mpaka leo unaendesha. Kama uliacha kazi mwaka jana, andika "I drove for four years".